Mji wa Saint-Malo na Bahari Yake

1. Mahali pa mji

Msomaji akifungua ramani ya Ulaya na kuitafuta nchi ya Ufaransa, ataona upande wa kaskazini-magharibi rasi kubwa iliyojitokeza baharini kama mkono ulionyoshwa. Rasi hiyo ndiyo jimbo la Bretagne. Katika pwani yake ya kaskazini, mahali ambapo mto Rance huingia baharini, pana mwamba, na juu ya mwamba huo umejengwa mji wa Saint-Malo.

Zamani mwamba ule ulikuwa karibu kuwa kisiwa, kwa maana uliunganishwa na bara kwa ukanda mwembamba wa mchanga tu. Siku hizi ukanda huo umekuwa barabara pana yenye nyumba, na mji umeenea mpaka bara. Hata hivyo, wenyeji wakitaja mji mkongwe husema "ndani ya kuta", nao huuona mwamba ule kuwa ndio mji hasa.

Mji huo mkongwe si mkubwa. Ukuta unaouzunguka una urefu wa maili moja na kidogo, na mtu aweza kuuzunguka wote kwa miguu katika muda wa saa moja, akisimama hapa na pale kutazama. Lakini katika mwamba huo mdogo walitoka mabaharia waliofika Kanada, Brazil na Bahari ya Hindi. Mambo waliyoyafanya huko, mema na mabaya, yangali yakikumbukwa mpaka leo. Kwa hiyo mgeni aendaye Saint-Malo yafaa aende na macho mawili: moja la kutazama uzuri wa mji, na moja la kutazama jinsi uzuri huo ulivyopatikana.

2. Kujaa na kupwa kwa maji

Jambo la kwanza ambalo mgeni hana budi kuliuliza katika mji huu ni saa ya maji kujaa na saa ya maji kupwa. Watoto wa pwani ya Afrika ya Mashariki wanajua sana habari hizi. Wanajua kwamba mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua, maji yakapanda sana na kushuka sana; na katikati ya nyakati hizo huwa maji mafu. Huko Unguja na Mombasa maji ya bamvua hupanda kama futi 12 au 13. Lakini Saint-Malo, bamvua kubwa hupanda hata futi 40, karibu kimo cha nyumba ya orofa nne!

Sababu yake ni hii. Saint-Malo iko kando ya mkono wa bahari ulio kati ya Ufaransa na Uingereza. Maji ya bahari kuu husukumwa na kuingia katika mkono huo, ambao ni mwembamba tena hauna kina kirefu. Maji hukosa nafasi ya kutawanyika, basi hurundikana pwani, yakapanda juu sana. Baada ya saa sita hivi huanza kurudi, na mahali ambapo asubuhi jahazi lilielea, mchana watoto hucheza mpira mchangani.

Upande wa ukanda wa mchanga mawimbi yana nguvu nyingi. Ili kuyavunja nguvu, watu walisimamisha pwani magogo ya mti mgumu uitwao mwaloni, safu kwa safu, yapatayo 3,000. Wimbi likija kwa hasira hukutana na magogo hayo kwanza, likapasuka na kupungua kabla halijaugusa ukuta.

3. Ukuta na mbwa walinzi

Jina la mji limetokana na mtawa mmoja aliyeitwa Malo. Husimuliwa kwamba alitoka Wales, katika kisiwa cha Uingereza, akafika pwani hii katika karne ya 6. Siku zile watu wengi walikaa ng'ambo ya pili ya maji, mahali paitwapo Aleth. Katika karne ya 12 askofu aliyeitwa Jean de Châtillon alihamisha makao yake kutoka Aleth akayaweka juu ya mwamba, kwa sababu ulikuwa rahisi kulindwa. Ndiye aliyeanza kujenga ukuta na kanisa kuu.

Mawe ya ukuta na ya nyumba ni matale, yaani mawe magumu sana ya rangi ya kijivu. Siku ya mvua mji wote huonekana kama kipande cha mwamba uleule, kana kwamba nyumba hazikujengwa, bali zimeota.

Ukuta uliwalinda watu, lakini vyombo vyao vilibaki nje, juu ya mchanga, maji yakiisha kupwa. Nani angewazuia wezi usiku? Basi tangu mwaka wa 1155 mji uliweka mbwa wakubwa wakali. Usiku kengele ililia kuwaonya watu waingie ndani, milango ikafungwa, na mbwa wakafunguliwa kuzunguka pwani mpaka alfajiri. Desturi hiyo ilidumu zaidi ya miaka 600. Hata mwaka wa 1770 afisa mmoja wa manowari alichelewa kurudi, akashikwa na mbwa wale wakamwua. Baada ya msiba huo desturi ilikomeshwa.

4. Safari za Jacques Cartier

Mgeni akipanda ukutani asubuhi, ataona sanamu ya mtu mmoja akitazama baharini. Huyo ni Jacques Cartier, mwana wa Saint-Malo. Tarehe 20 Aprili, 1534, alitoka bandarini na marikebu mbili na watu 61. Mfalme wa Ufaransa alimtuma atafute dhahabu na njia ya kufika Bara Asia kwa upande wa magharibi. Njia hiyo hakuiona, lakini alifika katika ghuba ya nchi iitwayo leo Kanada.

Mwaka uliofuata alikwenda tena na marikebu tatu. Kabla ya kuondoka, yeye na mabaharia wake waliingia katika kanisa kuu wakabarikiwa na askofu. Na hata leo maandishi katika sakafu ya kanisa hilo yanakumbusha siku ile. Safari hii aliingia katika mto mkubwa wa Saint Lawrence, akafika mji wa wenyeji ulioitwa Stadacona. Hapo majira ya baridi yaliwakuta. Mto uliganda ukawa barafu tupu, marikebu zikashikwa, zisiweze kwenda mbele wala nyuma.

Kisha ukaja ugonjwa wa kiseyeye. Miguu ya mabaharia ilivimba, fizi zao zikaoza, meno yakalegea. Watu 25 hivi walikufa, na kati ya waliosalia ni wachache tu waliokuwa wazima. Katika taabu hiyo, Cartier alimwona mwenyeji mmoja ambaye siku chache kabla alikuwa mgonjwa wa ugonjwa uleule, naye sasa anatembea mzima. Alimwuliza dawa yake. Wenyeji wakamwonyesha mti fulani, wakamfundisha kuchemsha majani yake na magome yake na kunywa maji yake. Mabaharia wakanywa, na baada ya siku chache wakapona.

Je, Cartier aliwalipa nini watu wale waliookoa maisha ya watu wake? Mwezi wa Mei, 1536, alipokuwa tayari kurudi, alimkamata kwa hila mkuu wao, Donnacona, pamoja na wenzake, akawapakia marikebuni akawapeleka Ufaransa. Donnacona hakuiona nchi yake tena, alikufa ugenini. Cartier aliporudi Kanada mwaka wa 1541, watu wa Stadacona walimwuliza habari za wenzao waliochukuliwa. Aliwaambia kwamba mkuu amefariki, lakini wengine wanakaa Ufaransa kama mabwana na hawataki kurudi. Hayo hayakuwa kweli, maana karibu wote walikuwa wamekwisha kufa.

Hivyo mtu mmoja aweza kuwa hodari baharini, mvumilivu katika taabu, na bado akawa mdeni wa wema asioulipa. Sanamu yake haisemi habari hiyo. Ni kazi ya msomaji kuijua.

5. Mali ya mji ilitoka wapi

Baada ya Cartier, watu wa Saint-Malo walizidi kuizoea bahari. Wengi walikwenda kila mwaka mpaka pwani za Newfoundland kuvua samaki wa maji ya baridi, ambao huwekwa chumvi na kukaushwa. Wavuvi hao waliondoka kwa miezi mingi, na mara nyingi wengine hawakurudi. Kazi hiyo ilikuwa ngumu, nayo iliwapa watu chakula na mji riziki.

Wengine walipata mali kwa njia ya vita. Wakati mfalme wa Ufaransa alipopigana na Uingereza au Uholanzi, aliwapa manahodha hati ya kuwaruhusu kuzikamata marikebu za biashara za adui. Maharamia wa kawaida huibia kila mtu; lakini nahodha mwenye hati aliruhusiwa kukamata mali ya adui tu, na sehemu ya mali ile ilikuwa ya mfalme. Watu wa Saint-Malo walisifiwa sana kwa kazi hiyo. René Duguay-Trouin, aliyezaliwa hapo mwaka wa 1673, aliuteka mji wa Rio de Janeiro mwaka wa 1711. Robert Surcouf, aliyezaliwa mwaka wa 1773, aliikamata marikebu kubwa ya Waingereza iliyoitwa Kent, mwaka wa 1800, katika Ghuba ya Bengal, ingawa chombo chake kilikuwa kidogo kuliko hiyo. Sanamu yake imesimama karibu na ukuta, imenyosha kidole kuelekea baharini.

Wafanya biashara nao walijenga nyumba ndefu za matale. Moja, aliyoijenga Magon, mkurugenzi katika kampuni ya Ufaransa ya biashara ya Bara Hindi, ni ya mwaka wa 1725, nayo hufunguliwa kwa wageni hata leo. Mgeni huonyeshwa vyumba vyake na maghala yake, akastaajabu.

Lakini hapa ndipo habari za Saint-Malo zinapogusa Afrika. Mwaka wa 1699 alizaliwa katika mji huu Mahé de La Bourdonnais. Mwaka wa 1735 alifika katika kisiwa cha Mauritius, ambacho wakati ule kiliitwa Kisiwa cha Ufaransa, awe liwali wa kisiwa hicho na cha Bourbon, kinachoitwa leo Réunion. Alijenga bandari ya Port Louis, hospitali, barabara na mfereji wa maji. Kazi hizo zilisifiwa sana. Lakini mikono iliyochimba na kubeba mawe ilikuwa hasa mikono ya watumwa waliotolewa Bukini, Msumbiji na kwingineko.

Na mashamba ya visiwa vile yalizidi kutaka watu. Mwaka wa 1776 Mfaransa mmoja aliyeitwa Morice alifanya mapatano na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka. Hata Surcouf, kabla ya kupata sifa za vita, alisafirisha watumwa katika Bahari ya Hindi. Ufaransa haikukomesha utumwa katika makoloni yake kwa mara ya mwisho ila mwaka wa 1848.

Kwa hiyo mtu wa Afrika ya Mashariki asimamapo chini ya nyumba zile nzuri, asidhani kwamba amefika mahali pasipomhusu. Katika mali iliyojenga mji huu yamo machozi ya watu waliotoka pwani zetu.

6. Kaburi la kisiwani

Saa za mchana, wakati wa bamvua, maji hukupwa kabisa. Ndipo mgeni aweza kushuka kwa mlango wa ukuta na kutembea kwa miguu mpaka kisiwa kidogo kiitwacho Grand Bé. Njia ni ya mawe yaliyopangwa juu ya mchanga, nayo huteleza kwa mwani. Juu ya kisiwa liko kaburi la mwandishi Chateaubriand, aliyezaliwa Saint-Malo mwaka wa 1768 akafa mwaka wa 1848. Aliomba azikwe hapo, mbali na makelele ya watu. Juu ya kaburi hakuna jina. Pana msalaba wa jiwe tu, unaotazama bahari.

Mahali hapo ni pazuri sana, lakini mgeni asikae akasahau saa. Maji yakianza kurudi, huja upesi, tena hayaji kutoka mbele peke yake. Hupitia katika mifereji ya mchanga na kuizunguka njia kwa nyuma, na mtu aliyedhani pana nafasi akakuta imekatika. Akichelewa, asijaribu kuvuka; na akae kisiwani mpaka maji yatakapokupwa tena baada ya saa kadhaa. Njaa na baridi vitamsumbua, lakini atakuwa hai. Wako watu waliodharau shauri hili wakajuta, maana bahari haimjui mwenyeji wala mgeni.

7. Moto wa mwaka wa 1944

Mgeni akirudi ndani ya kuta huona nyumba ndefu za matale zilizopangwa vizuri, na hudhani kwamba zote zina umri wa miaka 200 au 300. Sivyo.

Katika vita kuu ya pili, Wajerumani waliikalia Ufaransa tangu mwaka wa 1940. Saint-Malo waliigeuza kuwa ngome yenye mizinga. Mwanzo wa Agosti, 1944, majeshi ya Marekani yalifika kuukomboa mji, na Wajerumani wakakataa kusalimu amri. Tarehe 6 Agosti mnara wa kanisa kuu uliangushwa kwa mizinga. Kisha moto ukashika nyumba, ukaenea kutoka mtaa hata mtaa, usiku na mchana. Mji uliozungukwa na maji uliteketea kwa moto! Tarehe 13 vita vilisimamishwa kwa muda mfupi ili raia waliosalia watoke. Tarehe 17 Wajerumani waliokuwa katika ngome ya Aleth walisalimu amri.

Watu waliporudi walikuta kifusi na kuta zisizo na mapaa. Kati ya nyumba 865 zilizokuwa ndani ya ukuta, zilizosalia zimesimama ni 182 tu. Ukuta wenyewe, uliojengwa na watu wa zamani, ulikuwa bado umesimama.

8. Mji unajengwa tena

Palikuwa na shauri la kufanya. Je, wajenge mji wa namna mpya, au waurudishe ule waliouzoea? Walikata shauri kuurudisha. Kazi hiyo iliongozwa na mjenzi mkuu Louis Arretche. Kwanza walitoa kifusi, wakachagua mawe yaliyofaa kutumiwa tena. Kisha wakajenga nyumba kwa matale, zenye mapaa yaliyosimama na mabomba marefu ya moshi kama ya kwanza. Hawakuiga kila kitu. Barabara nyingine zilipanuliwa, na vyumba vikapewa mwanga na hewa zaidi. Kazi kubwa ilianza mwaka wa 1948 ikaendelea mpaka mwaka wa 1960 hivi, na mnara wa kanisa kuu ulikamilika katika miaka ya 1970.

Fikiri subira ya watu wale. Mtoto aliyekuwa na miaka sita mji ulipoungua, alikuwa mtu mzima kabla ya kuuona umesimama tena. Mzee aliyeanza kuondoa kifusi huenda hakuuona mwisho wa kazi. Lakini kila mmoja alifanya sehemu yake, na haba na haba ikajaza kibaba.

9. Jioni

Jioni maji hujaa tena. Watu hukusanyika juu ya ukuta kuyatazama yakipanda kidogo kidogo, yakafunika mchanga, yakafunika njia ya Grand Bé, mpaka yakapiga mawe ya ukuta na kurusha povu juu ya vichwa vyao.

Siku hizi nguvu hiyo ya maji hutumiwa pia. Karibu na mji, katika mto Rance, Wafaransa walijenga boma la kuzuia maji lililofunguliwa mwaka wa 1966. Ndani yake mna mitambo 24 inayozungushwa na maji yaingiayo na yatokayo, ikafanya umeme. Lilikuwa boma kubwa la kwanza la namna hii duniani. Bahari ileile iliyochukua maisha ya mabaharia wengi sasa huwasha taa za majumbani.

Basi mgeni aondokapo Saint-Malo huondoka na mambo ya kukumbuka: mabaharia wasioogopa, wenyeji waliotoa dawa wakalipwa kwa kutekwa, watumwa waliojenga bandari ya mbali, na watu waliochagua mawe katika majivu wakaurudisha mji wao. Mtu asifuye sehemu moja tu ya habari hizo hajaujua mji ule. Ajuaye zote ndiye aliyeutembelea kweli.

Maswali

1. Kwa nini maji ya bamvua hupanda sana Saint-Malo kuliko Unguja na Mombasa?
2. Mbwa walinzi waliwekwa kwa sababu gani, na desturi hiyo ilikomeshwa kwa nini?
3. Wenyeji wa Stadacona waliwasaidiaje mabaharia wa Cartier? Nao walilipwa nini?
4. Nahodha mwenye hati ya mfalme na haramia wa kawaida wametofautianaje?
5. Eleza jinsi historia ya Saint-Malo inavyohusiana na pwani ya Afrika ya Mashariki.
6. Mtu akichelewa Grand Bé na maji yakajaa, afanye nini?
7. Kama ungalikuwa mtu wa Saint-Malo mwaka wa 1944, ungalishauri kujenga mji mpya au kuurudisha wa zamani? Toa sababu zako.